Walikikata Kicheko cha Mama

Nina umri wa miaka ishirini na saba, msichana, mzaliwa wa Tingi, wilaya ya Kilwa. Nina shahada ya sosholojia na sina kazi ya kudumu. Kwa sasa nafundisha tuisheni watoto wa sekondari kwenye baraza ya nyumba yetu. Sijaolewa. Nilikuwa karibu sana kuolewa... na kukosa ndoa ndilo dogo kuliko yote yaliyonipata.

Wasomaji wenzangu, nyumbani waliniita Kwanini tangu nikiwa mtoto. Madrasa nilimwuliza ustaadhi maswali mpaka akanitoa nje nikapigwe na jua. Chuoni wahadhiri wakiniona nimenyoosha mkono walikuwa wanatazama saa. Sijawahi kukubali jambo kwa sababu tu limesemwa kwenye kipaza sauti. Marehemu baba yangu alikuwa akisema anamwonea huruma mwanamume atakayenioa, maana atahojiwa mpaka ndotoni.

Sasa niambieni, msichana wa namna hiyo aliingiaje kwenye shimo hili? Hata mimi najiuliza...

Ili mnielewe, lazima nianze na msiba wa baba.

Baba alipofariki, mama yangu, Bi Somoe, alikaa kwenye mkeka kama gogo. Hakula, hakusema, hakulia. Hata chozi! Wanawake waliokuja kumliwaza walianza kunong'onezana kwamba anaweza kumfuata mumewe. Mimi nilikaa pembeni yake nimeshika bakuli la uji uliokwisha kupoa, sijui la kufanya.

Ndipo akaingia mjomba Hamadi.

Huyu mjomba Hamadi ni binamu wa mama, mtoto wa mjomba wake, na kwetu binamu ni watani. Ni mpishi wa shughuli. Kuanzia Tingi mpaka Kivinje na Masoko, harusi au hitima bila masufuria ya Hamadi watu waliona imepungua. Ni mtu mnene, ana tumbo linalomtangulia, na ana sauti nene yenye mkwaruzo, ambayo ukiisikia mara moja huisahau.

Siku ile alikuja amevaa kanzu ya baba. Alitembea kama baba, alikohoa kama baba, akaomba kahawa kama baba alivyokuwa akiomba. Kisha jeneza lilipotaka kutoka, akajilaza mlangoni kifudifudi, tumbo lote chini.

"Hatoki mtu hapa mpaka nipewe kuku!" alinguruma. Halafu akamgeukia mama. Nilikuwa nimeona midomo ya mama inatetemeka, nikawasha simu yangu nirekodi. Sikujua narekodi nini. Nilihisi tu kwamba kuna kitu kinakuja.

"Wewe Somoe, usijilize hapo," alisema mjomba. "Wiki ijayo zamu yako! Nitakunyonga kwa mikono yangu hii, nikufukie pale pale kwenye mikorosho, shamba nilichukue mimi. Mumeo kaniahidi kabla hajafa!"

 Kisha mama, ambaye hakuwa amesema neno tangu juzi yake, akainua kichwa. "Utaanza kufa wewe, fisi mkubwa. Na tumbo hilo, nani atakayekuosha?"

Akacheka! Wallahi mama yangu alicheka. Kicheko cha kuvuta pumzi, chenye kikohozi ndani yake, kikapanda juu, kikakatika, kikageuka kilio kikubwa ambacho wote tulikuwa tunakisubiri. Alilia mpaka akachoka. Halafu akaomba uji.

Mjomba alipewa kuku wake, akatoka mlangoni, jeneza likapita. Hiyo ndiyo kazi ya mtani kwetu. Anaruhusiwa kusema lisilosemeka ili wafiwa wapate kupumua.

Baada ya matanga, mama aliniambia maneno ambayo nayakumbuka kila siku ya Mungu. Alisema, "Siku yangu ikifika, watu wote watakwambieni poleni. Hamadi peke yake asikwambieni. Alale pale mlangoni, adai kuku wake. Hapo nitajua nimezikwa na watu wangu."

Nikamwahidi. Kulikuwa na ugumu gani? Nani angemzuia Hamadi kuongea?

Rekodi ile niliihifadhi. Kila nilipozidiwa na upweke niliifungua, nikamsikiliza mama akicheka.

Halafu nikakutana na Idrisa.

Tulikutana Lindi mjini, nilikopata kibarua kwenye mradi wa elimu ya afya. Yeye alikuwa mtafiti wa mambo ya kompyuta. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali wa kuhamishwahamishwa, kwa hiyo Idrisa alikulia mjini huku na mjini kule, hana kijiji, hana lugha ya nyumbani, hana mtani. Lakini alikuwa mpole! Nilipouliza maswali yangu hakutazama saa. Alikuwa mwanamume wa kwanza kuniambia, "Endelea, uliza tena."

Mimi nikayeyuka...

Siku moja nilimsimulia msiba wa baba. Hakuamini kwamba mtu anaweza kumtania mjane mbele ya jeneza. Nikamtumia ile rekodi ili aamini. Pale walipochanganya na Kimatumbi, lugha ya kwetu, nikamtafsiria neno kwa neno. Aliisikiliza, akaniambia ameirudia mara nyingi, akaniuliza maana ya hili na lile. Niliona amependa kwetu. Niliona huyu ndiye mume!

Alikuja Tingi kujitambulisha. Mjomba Hamadi alimpikia pilau, akamwambia mahari yetu ni shehena ya masufuria, na asipoileta atapikwa yeye. Idrisa alicheka sana. Akanivisha pete.

Haukupita muda mrefu, akaniambia kuna kongamano la wasomi kuhusu mustakabali wa akili mnemba na namna ya kuipeleka kwa wananchi. Lingefanyika kwenye ukumbi wa hoteli moja hapo Lindi, na yeye angewasilisha utafiti wake. Alitaka nikae mbele. Alisema atanishangaza.

Kweli alinishangaza.

Nilishona gauni la kitenge. Ukumbini watu walikuwa na vitambulisho shingoni, baridi ya viyoyozi inauma mifupa. Mzungumzaji mmoja alisema mashine zitawasaidia walimu, mwingine akasema zitahesabu mikorosho kutoka angani. Kila mmoja alimtaja mwananchi wa kawaida. Nilitazama huku na huku nimtafute huyo mwananchi wa kawaida, nikamwona yule dada aliyekuwa anapitisha sambusa. Nikajiandalia maswali yangu kama kawaida.

Ikafika zamu ya Idrisa. Alieleza kwamba wazee na wajane wananyang'anywa mashamba na kudhuriwa, na kabla ya kudhuriwa hutishiwa. Yeye na wenzake walikuwa wametengeneza mfumo wa kusikiliza ujumbe wa sauti kwenye simu, hata kwa lugha za kusini, na kutoa onyo mapema. Sikuwa na ubishi na hilo. Wajane wanaonewa kweli, nimewaona. Nilijisikia fahari.

"Sikilizeni mfano halisi," akasema.

Akabonyeza. Na kwenye spika kubwa za ukumbi ule nikamsikia mjomba Hamadi!

"...Wiki ijayo zamu yako! Nitakunyonga kwa mikono yangu hii, nikufukie pale pale kwenye mikorosho, shamba nilichukue mimi..."

Jina la mama walikuwa wamelifunika kwa mlio. Skrini ikawa nyekundu, ikaandika kwa herufi kubwa: TISHIO LA KUUA. Watu wakaguna kwa hofu, kisha wakapiga makofi. Simu zilikuwa juu, zinarekodi.  Nilikuwa nasubiri kitu kimoja tu. Nilikuwa namsubiri mama acheke.

Hakucheka. Sauti iliishia pale pale...

Wakati wa maswali nilisimama kabla sijaruhusiwa. Nikauliza, "Kicheko kiko wapi?"

"Samahani?" akasema Idrisa, kama hanijui.

Nikamwambia baada ya maneno yale mwanamke anajibu, kisha anacheka. Kicheko chake wamekipeleka wapi? Akajibu kwa utulivu kwamba kabla sauti haijaingizwa kwenye mashine husafishwa. Vikohozi, vicheko, jogoo wanaowika, vyote huondolewa. Vyote huhesabiwa kuwa kelele.

Kelele! Kicheko cha mama yangu!

Nikasema yule ni mtani, pale ni msibani, hakuna anayemtishia mtu. Nikauliza mashine imejuaje kwamba mtu huyu hatanii. Bwana mmoja wa suti aliyekaa nyuma yangu akadakia, "Utani wa kumnyonga mjane? Dada, hata utani una mpaka wake!" Ukumbi ukacheka. Kicheko cha ukumbini hakuna aliyekiita kelele.

Na Idrisa je? Mwanamume aliyekula pilau ya yule mzee? Alishika kipaza sauti, akatabasamu. "Mniwie radhi, huyu ni mchumba wangu. Mnamwona? Hata nyumbani ndivyo ninavyohojiwa."

Wakacheka zaidi. Mwenyekiti wa kikao, mama mmoja wa makamo, aliniambia kwa upole kwamba hoja yangu ni nzuri na itaangaliwa wakati wa chai. Wakati wa chai hakuna aliyeiangalia. Walipanga foleni kumpa Idrisa mkono na kumwuliza mfumo utaanza lini kufanya kazi.

Nilimvuta nje, penye magari.  Nikamwuliza kwa nini hakuniomba ruhusa. Alishangaa kabisa! Akasema nilimtumia mwenyewe. Akasema jina limefunikwa. Akasema maneno yale yalikuwa mfano bora kuliko yote waliyokusanya, tena nilikuwa nimeyatafsiri vizuri.

Kisha akasema neno lililonichoma mpaka leo. "Wewe unauliza kila kitu. Mbona hili hukuniuliza nitalifanyia nini?"



Nikamwomba aitoe. Nilimwomba kama mtoto. Akatikisa kichwa, akasema mashine imeshajifunza nayo. "Ni kama chumvi iliyokwisha kuyeyuka kwenye mchuzi. Utaitoaje?"

Nilivua pete nikaiweka juu ya boneti la gari na kuondoka. Sijui kama aliichukua au ilianguka.

Nilidhani msiba wangu umeishia hapo. Kumbe ndiyo kwanza ulikuwa unaanza!

Kabla sijafika Tingi, kipande cha video kilikuwa kimenitangulia. Mtu fulani aliyekuwa ukumbini alikirusha, mwingine akaongeza maneno kwamba mzee wa Kilwa ananaswa na mashine akipanga kumwua mjane. Nilipoteremka Nangurukuru kusubiri gari, msusi mmoja alikuwa anawaonyesha wateja wake. Jina lilikuwa limefunikwa, ndiyo. Lakini ile sauti! Nani Kilwa nzima asiyeijua sauti ya Hamadi mpishi?

Mjomba aliitwa kituoni. Askari aliyemhoji alikuwa mtu wa Rondo, huku huku kusini, naye ana watani wake. Alisikiliza, akacheka, akamwambia arudi nyumbani. Lakini huwezi kumpeleka yule askari kwenye kila simu akacheke kwa niaba yako.

Familia moja ya Kivinje iliyokuwa imemwita kwa harusi ikaghairi. Waliniambia wao hawaamini, ila wageni kutoka mbali watakula kwa wasiwasi. Nani atakula chakula kutoka mikono iliyosemwa inanyonga? Na wengine wakaghairi vilevile, kwa adabu, kwa kuombana radhi. Masufuria yake makubwa yakafunikwa nyuma ya nyumba, kuku wakawa wanalala juu yake.

Mimi nilifanya nini? Nilifanya kila nilichoweza, na sikuweza kitu.

Nilikwenda Lindi kwenye ofisi ya Idrisa na wenzake. Nikaambiwa wahusika wamesafiri, wako kwenye kongamano jingine. Nilirudi tena, nikaambiwa malalamiko yangu yamepokelewa. Yamepokelewa na nani? Yamewekwa wapi? Kijana wa mapokezi alinionea huruma, akanipa maji ya kunywa. Ndiyo msaada pekee nilioupata pale.

Nikaona bora niirushe rekodi nzima, yenye jibu la mama na kicheko chake, watu wasikie wenyewe. Niliirusha kila mahali. Mnajua walinijibu nini?

Walisema kicheko kile kimetengenezwa na akili mnemba! Eti siku hizi ni rahisi kuongeza kicheko. Eti familia inamficha muuaji!

Nilikaa chini nikashika kichwa. Kitisho cha uongo kilikuwa kweli kwa sababu mashine imesema. Kicheko cha kweli kikawa uongo kwa sababu mashine inaweza kucheka. Ungekuwa wewe, msomaji, ungewaambia nini watu hao?

Mama, alipoelezwa, alicheka mwanzoni. Alisema mashine hiyo aletewe, aitume kuteka maji. Lakini mjomba Hamadi alipokuja kumtazama, maana kisukari kilikuwa kimeanza kumlaza mama, hakuingia moja kwa moja hadi jikoni kufunua vyungu kama zamani. Alipiga hodi, akasimama uani.

"Hee, muuaji wangu huyo! Kamba umebeba?" mama alimchokoza kutoka kitandani.

Mjomba alitabasamu. Akaitazama simu yangu iliyokuwa juu ya mkeka. Akasema taratibu, "Hujambo, Somoe?"

 Niliona uso wa mama ukizeeka hapo hapo. Hujambo! Tangu utotoni wao walikuwa wanasalimiana kwa matusi.

Nilimsindikiza mjomba hadi njiani, nikapiga magoti nikamwomba radhi. Aliniinua. Hakuwa na hasira, na hilo liliniumiza kuliko hasira. "Mwanangu, mimi siwezi kusema maneno ya kupima," aliniambia. "Siku hizi kabla sijafungua mdomo namtazama mtu mkononi kwanza. Na nikishatazama, neno lenyewe limeshakimbia."

Mama alifariki mwanzo wa msimu wa korosho. Sitaki kueleza zaidi. Aliyefiwa na mama anajua, ambaye hajafiwa Mungu ampe muda.

Mjomba Hamadi alikuja, tena alikuwa wa mapema kuliko wote. Yeye ndiye aliyepika. Mimi nilikamata kuku, tetea mwekundu mzuri, nikamfunga kamba mguuni kwenye nguzo ya mlango. Nilipita kwa vijana mmoja mmoja nikiwaomba wazime simu na kuzitia mifukoni. Walinikubalia. Nilikuwa na ahadi ya kutimiza, nami nikajiambia leo, kwa ajili ya mama, atarudi kuwa Hamadi yule.

Jeneza likainuliwa. Wabebaji walifika mlangoni, wakasimama. Hakuna aliyewaambia wasimame. Waliacha nafasi pale chini, nafasi ya mtu mnene kulala. Wanawake tuliokuwa ndani tukasubiri.

Mjomba alitoka penye masufuria akipangusa mikono. Akaja mpaka mlangoni. Akamtazama kuku. Akalitazama jeneza. Kifua chake kilipanda, mdomo ukafunguka... Ee Mungu, nilikuwa nimeanza kutabasamu tayari!

Kisha macho yake yakapita kwenye mikono ya watu. Kwenye mifuko yao ya mashati. Mdomo ukafungika.

Alisogea pembeni, akapisha njia. Akanigeukia mimi na kuniambia, kwa ile sauti yake nene, kama anavyosema mpita njia yeyote:

"Poleni sana."

Jeneza likapita. Mama yangu alitoka nyumbani kwake hivyo hivyo, kimya, hakuna aliyemzuia. Sikulia. Nilikaa kwenye mkeka kama gogo, kama yeye alivyokaa siku ile. Hakuna aliyekuja kunichekesha.

Wasomaji wenzangu, siandiki kuwaambia mzichukie mashine. Sijui ziko kwenye simu ngapi sasa zikisikiliza, na sijui zimewaitaje watani wengine. Nimeuliza, sijajibiwa. Idrisa nasikia amepata nafasi ya masomo nje ya nchi. Simtakii mabaya. Sina hata nguvu hiyo.

Ninachowaomba ni kimoja. Sauti za watu wenu, za msibani, za jikoni, za wazee wakitaniana, msimpe mtu kwa sababu mnampenda tu. Mwulizeni kwanza anaipeleka wapi. Mwulizeni hata kama mtaonekana wakorofi, hata akiwacheka mbele ya watu. Mimi niliuliza ukumbi mzima, lakini nilikuwa nimechelewa. Aliyepaswa kuulizwa alikuwa amekaa karibu yangu muda wote, ananishika mkono.

Yule kuku bado ninaye. Nilimfungua kamba siku ile ile jioni, sasa ana vifaranga. Kila mjomba Hamadi anapopita njiani namwachia mlango wazi makusudi, nikitumaini ataingia ndani na kumdai. Hupunga mkono tu, akaendelea na safari yake.